Silinda Nne Nilizoziacha Zilale

Mwanangu Mwamini,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya lazima: maji ya kunywa, sweta ya baridi ya Lubumbashi, mjomba atakayekupokea uwanjani, namna ya kufunga mlango wa chumba usichokijua. Nimemsikia tangu asubuhi, anasema, anasahau kwamba amesema, anaanza upya. Mimi hapo sina la kuongeza. Sasa jua limeshuka nyuma ya michikichi, wewe umekwenda kuaga wenzako, na mimi nimekaa barazani na daftari lako la zamani la fizikia. Naandika kwenye kurasa ulizoziacha tupu.

Ndege yako ni kesho. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia neno moja kwa mdomo. Kila mara umeinua macho kunitazama, na mimi nikakuuliza kama umekula.

Neno lenyewe ni hili: kile kidude hakikuwa kimeharibika.

Nianze na pikap, maana huko ndiko jambo lilikoanzia kwako. Mjomba wako alipotuletea kutoka Lubumbashi kwa garimoshi, mtaa wetu mzima wa Mikelenge ulikuja kuitazama. Moteri ya silinda nane. Mimi nimefungua moteri tangu sijaota ndevu, lakini siri ya ile uliigundua wewe. Ulinionyesha tarakimu ndogo mbele ya dereva: barabara ikiwa tambarare na mzigo mwepesi, nane inageuka nne. Gari lenyewe linazizima silinda nne ili kupunguza esansi inayochomwa, na zile nne nyingine zinavuta peke yao. Ukikanyaga kupanda mlima, zilizolala zinaamka.

Wewe hiyo nne uliitilia shaka. Mimi niliipenda, Mwamini, kuliko nilivyowahi kukuonyesha. Asubuhi, wakati ukungu wa Lualaba ungali umekaa barabarani, nilikuwa nakwenda polepole upande wa uwanja wa ndege, na ghafla moteri inashusha sauti, kama mtu anayeingia nyumba yenye mtoto aliyelala. Miti inapita, watu wa baiskeli wanapita na vidumu vyao vya mawese, na mimi nasikia matairi tu juu ya udongo uliolowa. Nilikuwa kama mtu anayebebwa usingizini. Kuna siku nilizunguka njia ndefu bila kazi yoyote, nipate tu kusikia ule ukimya tena.

Ndipo ukaja na sikio lako. "Baba, iko kitu nagonga mule. Kadogo, sawa na saa ya ukutani." Ukapima mafuta ya moteri, yamepungua. Ukapima tena baada ya wiki mbili, yamepungua tena, na chini ya gari hakuna hata tone. Ukasoma kwenye simu, ukaniletea kipande cha karatasi ulichochora. Ulinieleza kwamba silinda zile nne zina visukuma-valvu vya namna yake, vinavyojikunja zinapoambiwa kulala na kujinyoosha zinapoamka, na kwamba vikichoka, kimoja kinakwama na kuanza kula chuma kinachokisukuma. Ukasema iko dawa ya kuzuia: kidude cha kuchomeka kwenye lile tundu chini ya usukani. Hakikati waya wala hakibadilishi kitu. Kinaiambia kompyuta ya gari isizilaze zile nne, basi. Ukikichomoa, gari linarudi kama lilivyokuwa.

Nilisema tutaona. Nikaendelea kusema tutaona. Ukatengeneza jenereta za majirani miezi mingi mpaka ukakiagiza mwenyewe, na siku kilipofika, kidogo, cheusi, sawa na kiberiti, ulikishika mkononi hukutaka hata mama yako akiguse. Ulikichomeka. Ukaniambia, "Jaribu, baba." Nikaondoka peke yangu.

Mpaka sokoni nilikuwa mzima. Kisha barabara ikanyooka, na mimi nikangoja ukimya wangu. Haukuja. Silinda nane zote zilikuwa macho, na sauti yao ilikuwa nzito, ya chini, isiyopungua. Mikono ikaloa jasho juu ya usukani. Nilisimama kando ya barabara, nikainama, nikakichomoa. Niliporudi nilikuambia, "Hakifanyi kazi. Walikudanganya." Ulikipokea, ukakigeuza mara moja, mara mbili, na hukukasirika. Uliona haya. Ulisema, "Pardon, baba." Nikakitia ndani ya kopo la biskuti, chini ya funguo za garaji.

Na baadaye, tulipokichomeka tena na kikafanya kazi mbele ya macho yako, nilikuambia labda siku ile hakikushika vizuri. Huo ni uongo wa pili, na mara zote mbili niliuweka juu ya kazi ya mikono yako. Nakuomba msamaha, mwanangu. Kazi yako ilikuwa safi.

Sasa nikueleze ile sauti niliisikia wapi kwanza.

Wakati wa vita hukuwa umezaliwa, na mama yako nilikuwa sijamwoa. Mji wetu wa Kindu ulikuwa umefungwa. Garimoshi haliji, magari yamekufa, nyasi zimeota katikati ya njia ambako leo unakimbiza pikipiki. Watu walikula mizizi na majani ya mihogo ya bustani zao ndogo, maana kwenda shambani ilikuwa kwenda kufa. Miaka ile ninaikumbuka kama kitu kilichoko chini ya maji: nakiona, lakini nikinyoosha mkono kinajisogeza. Jambo moja tu halijisogezi.

Watu wenye bunduki walikuja kunichukua nyumbani kwa sababu walisikia mimi ni fundi. Sitaki kukuambia ni wa upande gani. Walikuwa wengi wakati ule, na walibadilishana. Walikuwa na pikap ya zamani ya silinda nane waliyoikuta chini ya banda, imejaa maji na majani, kuku wametagia kwenye viti. Mkubwa wao alikuwa mpole. Aliniambia, "Fundi, utaangalia. Kama imekufa, utatuambia imekufa." Ndivyo alivyosema. Hakuninyooshea kitu.

Miaka yote nilijiambia kwamba nilitengeneza kwa woga. Woga ulikuwepo, siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu, Mwamini, nilisahau gari ni la nani. Nilikuwa sijagusa moteri mwaka mzima. Nilikausha kila kitu, nikasugua kila kitu, nikatafuta njia ya petroli kama mtu anayetafuta mshipa wa mgonjwa. Bampa ya mbele ilikuwa inaning'inia, nikaifunga kwa waya wa shaba. Hakuna aliyeniomba kuifunga. Niliifunga kwa sababu nilitaka ipendeze. Siku ya nne ikawaka. Silinda nane zilishikana pamoja, ardhi ikatetemeka chini ya miguu yangu, wale watu wakapiga makofi, na mimi nikacheka. Nilikuwa na furaha kama ya bwana harusi.

Wakaondoka nayo asubuhi iliyofuata, wakavuka mto, wakashika njia ya Kailo.

Ilirudi baada ya siku mbili. Niliisikia kabla sijaiona. Ilikuwa imejaa mbuzi, magodoro, masufuria, na juu kabisa, imefungwa kwa kamba, ilikuwa cherehani ya shangazi yako Salima. Niliijua kwa gurudumu lake, maana nilikuwa nimelitengeneza mimi, nikalipaka rangi ya kijani kwa kukosa nyeusi.

Shangazi yako alitoka kijijini kwake, njia ya Kailo, akaingia Kindu kwa miguu baada ya siku kumi na moja. Alikuwa amepita msituni. Mume wake walimchukua kubeba mizigo, na hakurudi. Nilimpa chumba changu, nikalala sebuleni. Aliniuliza kama nimesikia habari yoyote. Nikasema hapana.

Unajua yaliyofuata. Ni yeye aliyekulea mama yako alipokuwa mgonjwa, ni yeye aliyekufundisha kusoma, ni yeye aliyekaa nasi mpaka ukadhani kila nyumba ina shangazi ndani. Zaidi ya miaka ishirini tulikula sahani moja. Kila Idi nilimnunulia kitenge kizuri kuliko cha mama yako, na mama yako hakuuliza kwa nini. Neno lilikaa tumboni mwangu. Nilidhani siku itafika litakuwa dogo lenyewe.

Siku ambayo pikap yetu ilikufa, wewe ulikuwa kwenye mtihani wa serikali. Unachojua ni kwamba nilikuwa nampeleka shangazi kwenye matanga Kailo, kwamba tulivutwa na lori mpaka kivukoni, na kwamba yeye alibaki Alunguli, ng'ambo ya mto, zaidi ya mwezi. Uliniuliza kwa nini habaki nyumbani, nikasema anamsaidia rafiki yake. Haikuwa hivyo.

Tulikuwa tumeacha mto nyuma mwendo wa saa mbili. Barabara ilikuwa nzuri, ile nne ilikuwa imeonekana mbele yangu, na ukimya wangu ulikuwa umefika. Shangazi alikuwa anasinzia. Kisha ile saa yako ya ukutani ikageuka nyundo. Gari likatikisika, likapoteza nguvu, likasimama lenyewe pembeni. Nilifungua boneti, nikasikiliza, nikajua. Kisukuma-valvu kimoja kilikuwa kimekwama na kula chuma, kama ulivyochora kwenye karatasi yako.

Tulikaa chini kwenye kivuli cha gari kungoja mtu. Akaniuliza, bila ubaya, kama anayeuliza bei ya samaki: "Amisi, juu ya nini ulikatala kile kidude cha mutoto?"

"Kilikuwa kimeharibika, yaya," nikasema, nikimwita dada mkubwa kama siku zote.

"Hapana. Nilikuona ukiweka ndani ya kopo. Kitu cha kuharibika watu wanatupa."

Sijui ni jua, au ni lile gari lililokufa karibu yetu. Nilimwambia kwamba sauti ya nane inanirudisha mahali. Akauliza mahali gani. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia wewe, hata kicheko. Nilipofika kwenye kicheko nikatazama vidole vyangu.

Watu watatu wa baiskeli wakapita, wakatusalimu, akaitikia salamu yao. Kisha akasema, "Ile bampa. Waya ulikuwa musuko wa nyuzi tatu."

Akaonyesha kwa kidole mti uliokuwa kando ya barabara.

"Nilikuwa nimelala ndani ya mihogo. Gari ilisimama karibu, sawa na ule mti. Niliona musuko. Mimi njo nilikufundisha ule musuko, Amisi, juu ya nywele yangu, ulikuwa mudogo. Hakuna fundi mwingine anafunga bampa namna ile."

"Ulijua, yaya? Miaka hii yote?"

"Nilijua kabla ya kufika kwako."

"Na ulikuja."

"Ningeenda wapi? Wewe njo ndugu yangu." Akasukuma mchanga kwa kisigino. "Nilikuja kungoja useme. Mwaka wa kwanza nilingoja kila siku. Nyuma yake nilianza kuchoka."

Nilianza kusema walikuwa na bunduki. Aliinua mkono. "Bunduki ninaijua. Hakuna muntu anakuuliza juu ya bunduki. Nilikuuliza kama umesikia habari, ukasema hapana. Ulitazama macho yangu, ukasema hapana."

Lori la mawese lilituvuta. Kivukoni alishusha mfuko wake, akasema hatavuka nami. Nilisimama kwenye kivuko nikiangalia kitambaa chake kikipanda kingo za Alunguli, mpaka maji yakawa mapana kati yetu na watu wote kule wakawa na rangi moja.

Kila Ijumaa baada ya swala nilivuka kwa mtumbwi. Nilikaa kwenye ua wa rafiki yake. Ijumaa ya kwanza hakutoka. Ya pili alitoka, akanipa chai, akarudi ndani. Katika wiki hizohizo wewe na mimi tulikuwa garajini, unakumbuka, tumefungua moteri ile mpaka mifupa. Mjomba alituma vyuma vipya, nawe ulivipanga kwenye kitenge kimoja baada ya kimoja. Ulidhani nimenyamaza kwa uchungu wa gari. Siku moja uliweka mkono begani kwangu, ukasema, "Itapona, baba." Nilikwenda nyuma ya nyumba.

Ilipopona, wewe ulikumbuka kidude. Ulisema tukijaribu tena, labda. Nikafungua kopo, nikakupa, ukakichomeka. Tulitoka barabarani, ikabaki nane, nane, nane, nawe ukanitazama kwa mshangao na mimi nikasema ule uongo wa pili. Hata siku ile. Uone namna mtu anavyoweza kumwambia mmoja ukweli, na kesho yake akamdanganya mwingine kwa jambo dogo.

Ijumaa ya tano shangazi alikaa chini, akauliza, "Ile gari imepona?"

"Imepona. Mwamini njo alifanya kazi kubwa."

"Na kidude kiko ndani?"

"Kiko."

"Ilete."

Niliivusha kesho yake. Alipanda mbele, akafunga mlango, akafumba macho. "Twende kwangu," akasema. Sikuuliza kwake wapi. Nilishika njia ya Kailo, na nane zile hazikulala hata mara moja, wala kwenye tambarare, wala kwenye mteremko. Alisikiliza muda mrefu.

"Njo sauti ile," akasema.

"Ndiyo, njo ile."

Nikaondoa mguu nikitaka kusimama. Hakufumbua macho. "Endesha," akasema. "Nilikuambia kusimama?"

Nikaendesha. Msitu ulikuwa umejaa mvuke baada ya mvua, jua linapita ndani yake kama kupitia pazia, na sikujua tena kama tunakwenda mbele au tunarudi miaka ile. Palipokuwa kijiji chake pana nyasi sasa na michikichi mitatu. Alinionyesha: hapa jiko, hapa kitanda, hapa cherehani ilikaa kwa ajili ya mwanga. Akatembea mpaka mahali fulani, akasema, "Walimuchukua hapa. Alikuwa bila viatu." Tulisimama mpaka mbu wakatukuta. Kisha akapanda gari, akasema nimpeleke Mikelenge, kuna nguo zake zimeanikwa tangu siku ile.

Hajaniambia kwamba amenisamehe. Sijamwuliza. Siku nyingine ananipakulia kwanza, siku nyingine ananipita kama nguzo, na zote mbili nazipokea. Ninalojua ni kwamba naendesha na nane, na sasa nikisikia sauti ile siloi jasho. Ukimya wa nne wakati mwingine naukumbuka, kama mtu anavyokumbuka usingizi mzuri.

Unakwenda kujifunza moteri kubwa kuliko zangu. Kuna siku utafungua kitu ambacho wote wamesema kimekufa, kitawaka mkononi mwako, na utacheka. Cheka, mwanangu. Sikukuandikia haya ili uiogope furaha hiyo, kwa maana ndiyo niliyokurithisha, sina nyingine. Mimi ile siku ya tatu sikuuliza gari linakwenda wapi, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Zaidi ya hapo sijui nikuambie nini. Na ukiharibu, maana utaharibu, usingoje kama mimi neno lipungue lenyewe. Mimi lilinikalia miaka ishirini, halikupungua.

Hapa nilikuwa nataka kumaliza. Lakini shangazi yako ametoka ndani sasa hivi na taa, akasimama nyuma yangu. "Uko naandika nini kurefu hivyo?" Nikamwambia naandika kwa Mwamini, naandika yote. Akasema, "Soma." Nimemsomea tangu juu, polepole, yeye amesimama. Nilipomaliza nikadhani atasema nichane.

Akasema, "Umeandika jina yangu. Umeandika musuko, cherehani, hata kuku wametagia kwenye gari umeandika. Yeye umeandika 'mume wake' tu. Andika jina. Mutoto alijue."

Kwa hiyo naandika. Mume wa shangazi yako aliitwa Kalume Sefu. Alikuwa mvuvi kwao Lokandu kabla ya kumfuata shangazi yako nchi kavu, akajifunza kulima akiwa mtu mzima, na watu walimcheka kwa namna alivyoshika jembe kama kasia. Alikuwa mrefu, akiingia nyumbani aliinama hata pale ambapo mlango ulimtosha. Aliimba vibaya. Alikuwa akiniita shemeji fundi, wakati ambapo nilikuwa bado sijui kutengeneza hata baiskeli.

Shangazi anasema inatosha, nifunge daftari, umefika mlangoni.

Baba yako,
Amisi